Leso ya Peni 11: Kisa cha James Hardy Vaux na Kamusi ya Lugha ya Wezi

Kila mwalimu aliyepata kufundisha Kiswahili nchini Uganda ameisikia shutuma moja, tena si mara moja: kwamba lugha hii ni lugha ya wezi. Huisikia sokoni, huisikia kwa wazazi wanaokuja kuuliza kwa nini watoto wao wapotezewe vipindi, na wakati mwingine huisikia katika chumba cha walimu, kwa wenzetu wa masomo mengine, wakisema huku wakicheka. Sababu zake zajulikana. Katika miaka ya 1970 raia wengi walikisikia Kiswahili kinywani mwa askari aliyesimama kizuizini, au kinywani mwa jambazi aliyebisha mlango usiku wa manane. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya taifa, na mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, doa lile halijatakata lote.

Hatukusudii kuijibu shutuma hiyo kwa hasira, kwani hasira haifundishi. Tumeona ni bora tumchukue msomaji mbali kidogo, hadi Uingereza na Australia ya karne ya 19, tukamwoneshe mtu aliyekuwa mwizi kweli kweli, aliyesema lugha ya wezi kweli kweli, na aliyeiandika katika kamusi akiwa kifungoni. Mtu huyo ni James Hardy Vaux. Alihukumiwa kupelekwa Australia mara tatu katika maisha yake. Kisa chake kina mafunzo juu ya sheria na adhabu, lakini kwetu sisi walimu wa lugha kina funzo jingine zaidi: yanakwenda wapi maneno ya watu wanaodharauliwa?

MALEZI YAKE

Vaux alizaliwa mwaka 1782 katika jimbo la Surrey, kusini ya London. Baba yake alikuwa mtumishi mkuu katika nyumba ya tajiri mmoja aliyekuwa mbunge. Wazazi hawakumlea wenyewe. Alilelewa na babu na bibi yake wa upande wa mama, katika jimbo la Shropshire. Hawa walikuwa watu wa adabu na wenye nafasi, wakampeleka shule, wakampa vitabu. Kijana alipenda kusoma na alikuwa na mwandiko mzuri, jambo ambalo, kama tutakavyoona, lilimwokoa mara nyingi na kumponza mara nyingi.

Wahenga wetu husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii ni ya kweli mara nyingi, lakini Vaux aliifanya ionekane ya uongo. Alipofikia umri wa miaka 14 hivi alipelekwa Liverpool kujifunza biashara ya nguo. Huko akaonja kamari na mapigano ya majogoo, akafukuzwa kazini. Akaenda London, akapata kazi ya kunakili hati za mawakili, akaanza kulaghai wenye maduka kwa kuchukua bidhaa asizokusudia kulipia. Kwa muda mfupi alijiunga na jeshi la majini, kisha akatoroka. Alipofika umri wa miaka 18 alikuwa amekwisha kuingia katika kundi la wanyang'anyi wadogo wadogo wa mitaa ya London, na kazi yake ilikuwa kutia mkono katika mifuko ya watu.

KOSA LA KWANZA

Mwezi wa Septemba 1800 Vaux alisimama mbele ya mahakama ya Old Bailey, London, akishtakiwa kwa kuiba leso. (Tunasema leso ya kupangusia pua, ili msomaji wetu wa Mombasa asidhani kwamba ni khanga.) Leso hiyo ilihesabiwa kuwa na thamani ya peni 11.

Hesabu hii yataka maelezo. Wakati ule shilingi moja ya Kiingereza ilikuwa na peni 12. Kulikuwa na sheria ya tangu mwaka 1565 iliyosema kwamba mtu akichopoa kwa siri katika nguo za mwenziwe kitu kilichofikia thamani ya shilingi moja, adhabu yake ni kunyongwa. Basi tofauti baina ya peni 11 na peni 12 ilikuwa ndiyo tofauti baina ya uhai na kitanzi. Raia walioapishwa ili kuamua kesi kama hizi walizoea kupunguza bei ya mali iliyoibwa, wakamtia mshtakiwa hatiani bila kumuua. Hawakuwa na uwezo wa kuibadili sheria, lakini walikuwa na uwezo wa kukadiria bei, na wengi wao waliona kwamba uhai wa kijana una thamani kuliko kipande cha kitambaa. Sheria ile yenyewe ilifutwa mwaka 1808 kwa juhudi za mbunge Samuel Romilly.

Vaux, kwa leso ile, alihukumiwa kuhamishwa ng'ambo kwa miaka 7.

Adhabu hii ya uhamisho haikuanza na Australia. Kwa muda mrefu Uingereza ilikuwa ikiwapeleka wafungwa wake katika makoloni ya Amerika, ambako walifanyishwa kazi mashambani. Vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775, viliifunga njia hiyo. Magereza yakafurika, na kuanzia mwaka 1776 serikali ikawaweka wafungwa katika merikebu kuukuu zilizong'olewa milingoti na kutiwa nanga mtoni. Hatimaye ikaamuliwa wapelekwe mwisho wa dunia. Msafara wa kwanza wa merikebu 11 ulifika katika ghuba ya Sydney mwezi wa Januari 1788. Toka mwaka huo hata mwaka 1868, wafungwa wapatao 160,000, wanaume kwa wanawake, walivushwa bahari na kutupwa katika makoloni ya Australia. Wengi wao kosa lao lilikuwa wizi.

Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, waliokaa humo kwa maelfu na maelfu ya miaka, wakisema lugha zaidi ya 250. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

MWANDIKO MZURI

Vaux alipakiwa katika merikebu iitwayo Minorca, akafika Sydney mwezi wa Desemba 1801, baada ya safari ya karibu miezi 6. Wafungwa wengi walipewa shoka na jembe. Vaux alipewa kalamu. Koloni lilikuwa na mikono mingi ya kukata miti, lakini waliojua kuandika barua na kutunza vitabu vya ghala walikuwa wachache, hata serikali ikalazimika kuwatumia wafungwa wenyewe. Akawekwa kuwa karani wa ghala la serikali huko Hawkesbury.

Mwandiko ule ule uliompa kivuli ukamtia matatani. Aliigiza saini ya Gavana King katika hati za kutolea bidhaa ghalani, akagunduliwa, akatiwa katika kundi la wafungwa wanaojenga barabara. Kisha akapanda tena, akawa karani wa mahakimu katika mji wa Parramatta. Alijua kujinyenyekeza, alijua kusema maneno ya toba, na wakubwa walimwamini. Gavana King aliporudi kwao mwaka 1807 katika merikebu Buffalo, alimchukua Vaux amsaidie kazi za uandishi safarini. Kifungo chake cha miaka 7 kilimalizika wakiwa baharini, na gavana akamwandikisha kuwa baharia. Merikebu ilipotia nanga Uingereza, Vaux akatoroka.

Kwa hiyo mwisho wa mwaka 1807 mtu huyu alikuwa huru, amerudi kwao, ana afya, ana elimu, na umri wake hata miaka 26 haujatimia. Wafungwa waliopata bahati kama hiyo walikuwa wachache mno. Tungetarajia kwamba safari ya kwenda na kurudi mwisho wa dunia ingemfunza. La hasha. Haikupita muda alikuwa amekwisha kurudi katika mitaa ile ile na kwa wenziwe wale wale. Mwaka 1808 akaoa, na pamoja na kuoa akaendelea kuiba, sasa katika maduka ya masonara.

KOSA LA PILI

Mwezi wa Februari 1809 alisimama tena Old Bailey, safari hii kwa jina la James Lowe, akishtakiwa kwa kuiba vito katika duka la sonara mtaani Piccadilly. Sheria ya wachopozi wa mifukoni ilikuwa imefutwa mwaka uliotangulia, lakini ile ya kuiba dukani ilikuwa ingali hai: mali ikifika shilingi 5, mwizi hunyongwa. Hapa hapakuwa na njia ya kushusha bei ya vito hata ifike chini ya shilingi 5. Vaux akahukumiwa kufa. Kisha hukumu ikapunguzwa, akapewa uhamisho wa maisha.

Akingojea merikebu, aliwekwa katika gereza la majini lililoitwa Retribution, katika mto Thames. Maelezo aliyoyaandika baadaye juu ya mahali hapo yanatisha. Asema kwamba humo mlikuwa na watu karibu 600, wengi wao wakiwa na pingu za miguu yote miwili. Mfungwa mpya alivuliwa nguo, akaoshwa katika pipa, akavishwa vazi la kitambaa kigumu, akapigiliwa chuma miguuni. Mchana walipelekwa nchi kavu kufanya kazi za sulubu. Usiku walifungiwa chini ya sitaha, pasipo mlinzi aliyethubutu kuteremka. Mwenye nguvu alimnyang'anya mnyonge. Mahali hapo palipokusudiwa kurekebisha tabia palikuwa chuo kikuu cha wizi, na somo la kwanza katika chuo hicho lilikuwa lugha.

LUGHA YENYEWE

Wezi wa London walikuwa na namna yao ya kusema, iliyoitwa lugha ya "flash". Haikuwa lugha kamili yenye sarufi yake. Sarufi ilikuwa ya Kiingereza, lakini nomino na vitenzi vyake vya maana vilibadilishwa, hata mpita njia akisikia asielewe. Jambo hili si geni kwetu. Watu wa pwani walikuwa na Kinyume, ambamo silabi ya mwisho huletwa mbele, na "samaki" akawa "kisama". Edward Steere aliandika mifano yake katika karne ile ile ya 19. Na vijana wa Nairobi wanayo Sheng yao. Palipo na watu wenye siri, au wanaotaka tu wazee wasiwaelewe, patazuka msamiati wa faragha.

Huko Sydney lugha hii ilikuwa tatizo la serikali. Watkin Tench, ofisa wa jeshi aliyefika na msafara wa kwanza, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1793 kwamba katika mahakama za mwanzo za koloni ilibidi mara nyingi kuwa na mkalimani, ili maneno ya mashahidi na washtakiwa yapate kueleweka. Fikiri, mwalimu mwenzetu: Mwingereza anamtafsiria Mwingereza maneno ya Mwingereza! Tench aliona kwamba lugha hii ilikuwa mzizi wa uovu, na kwamba ikifutwa ndipo wafungwa watakapotengenea. Alikuwa mtu mwenye akili na huruma, lakini hapa alilitaja tawi akadhani ni shina. Mtu haibi kwa sababu ya maneno aliyonayo.

KAMUSI YA NEWCASTLE

Vaux alifika Sydney mara ya pili mwezi wa Desemba 1810, katika merikebu iitwayo Indian. Mwaka uliofuata akashtakiwa kuhusika na mali iliyoibwa kwa Ellis Bent, mwanasheria mkuu wa koloni aliyekuwa pia hakimu, akapelekwa Newcastle. Newcastle, kaskazini ya Sydney, palikuwa mahali pa kuwaadhibu wale ambao wamekwisha kuadhibiwa. Walichimba makaa ya mawe, walikata mierezi, walichoma makombe ya pwani kupata chokaa. Vaux alionja mashimo ya makaa, lakini hakuchukua muda mrefu kabla kalamu yake haijamtoa.

Hapo, mwaka 1812, alitunga orodha ya maneno ya flash kwa taratibu ya alfabeti, kila neno na maelezo yake. Orodha hiyo aliitabaruku kwa Thomas Skottowe, ofisa msimamizi wa Newcastle, akieleza kwamba itamfaa katika kazi yake ya uhakimu na huenda ikamchekesha pia. Hii ndiyo inayotajwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kutungwa katika ardhi ya Australia. Haikutungwa na profesa wala padri wala ofisa, bali mfungwa aliyekuwa ametumikia katika machimbo.

Yafaa tutue hapa kidogo. Lugha ya siri ni ngao ya wanyonge, hata wanyonge hao wakiwa waovu. Vaux aliichukua ngao ya wenziwe, akamkabidhi mlinzi wa gereza. Je, alikuwa msaliti au mwanachuoni? Twaona kwamba alikuwa yote mawili, na kwamba hakulificha hilo la kwanza. Mfungwa mwenye akili hutafuta hisani kwa kile alicho nacho, naye alichokuwa nacho kilikuwa maneno. Lakini tukiisoma kazi yenyewe twaona pia mtu anayeipenda kazi yake. Hatoi tafsiri ya neno moja kwa neno moja, kisha basi. Anaeleza neno linatumika wakati gani, na nani, na kwa mzaha au kwa dhati, na linavyobadilika maana likiwekwa karibu na neno jingine. Alijua kwamba maana ya neno imo katika matumizi yake, na hili walimu wengi wa sarufi walilisahau kwa muda mrefu.

Mwezi wa Januari 1814, aliporudishwa Sydney, alijaribu kutoroka akijificha katika merikebu Earl Spencer. Akakamatwa, akapigwa viboko, akarudishwa Newcastle. Huko akaandika habari za maisha yake. Muswada ulifika Uingereza, na mwaka 1819 ukachapishwa London kwa majuzuu mawili, na kamusi ile ikawekwa mwishoni. Kwa hiyo Vaux ndiye mwandishi wa tawasifu kamili ya kwanza iliyoandikwa Australia, na pia mtungaji wa kamusi tuliyoitaja.

MANENO YALIKOKWENDA

Sasa tuangalie baadhi ya maneno hayo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Vaux hakuyabuni, aliyakuta vinywani mwa watu na kuyaandika.

Neno "swag" kwake ni furushi, na hasa furushi la mali iliyoibwa. Baadaye huko Australia likawa na maana ya mzigo wa blanketi na vyombo ambao kibarua aliufunga mgongoni akitembea kutafuta kazi. Mbeba mzigo huo akaitwa "swagman", naye leo ni mtu anayependwa na kuimbwa katika utamaduni wa Waaustralia.

Neno "chum" ni mwenzi wa gerezani. Vaux aeleza kwamba palikuwa na wenzi wapya na wenzi wa zamani, kulingana na muda waliokaa kifungoni. Miaka ikapita, na "new chum" akawa ni mhamiaji yeyote mgeni aliyeshuka melini Australia, mtu huru asiyejua kwamba jina analoitwa limetoka katika gereza la majini.

Neno "kid" alilieleza hasa kuwa ni mtoto aliyeanza wizi akiwa mdogo. Neno "grub" ni chakula. Neno "snooze" ni kulala. Neno "trap" ni askari anayekamata wezi. Nalo katika miaka ya 1850, dhahabu ilipogunduliwa, wachimbaji waliwaitia polisi waliokuja kukagua leseni zao. Na ile namna ya kusema kwamba mtu "anasokota uzi", kwa maana ya kusimulia visa virefu, imo katika kamusi hiyo pia.

Mwalimu wa Kiingereza anayetumia leo neno "kid" au "grub" darasani hahisi kwamba anasema lugha ya wezi. Mama anayemwita mwanawe hivyo hamshtaki kwa lolote. Maneno yametumikia kifungo chao, yamefunguliwa, yamepata kazi halali, na hakuna awaulizaye wenye kuyatumia hati ya msamaha. Maneno yalitoka gerezani kabla ya Vaux mwenyewe.

KOSA LA TATU NA MWISHO WAKE

Maana yeye hakutoka. Ni kweli kwamba mwaka 1820 alipewa msamaha wenye masharti, sharti kubwa likiwa kutoondoka koloni, na kwa miaka kadhaa alikuwa karani katika ofisi ya katibu wa serikali, Sydney. Makarani waliokuwa wafungwa wakaondolewa, naye akakosa kazi. Mwaka 1829 akavunja sharti, akakimbilia Ireland. Mwaka 1830 akakamatwa Dublin kwa kutumia noti bandia. Alikiri kosa na kuepuka kitanzi, akahukumiwa uhamisho wa miaka 7. Aliposhuka Sydney mwaka 1831, kwa jina la uongo, alitambuliwa. Kifungo chake cha zamani cha maisha kikarudishwa, akapelekwa Port Macquarie. Kumbukumbu hazimtaji mtu mwingine aliyepelekwa huko mara tatu namna hiyo.

Tungependa kuishia hapo, kwa mzee mwerevu aliyeshindwa na bahari. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kuficha ukurasa. Mwaka 1839, baada ya kurudi Sydney, alishtakiwa kwa kumfanyia mambo ya aibu mtoto wa kike wa miaka 8, akafungwa miaka miwili. Alifunguliwa mwaka 1841, na baada ya hapo hakusikika tena.

Wasomaji wa kitabu chake wametekwa mara nyingi na ulimi wake mtamu. Sisi twasema: kamusi tuipokee, mtu tusimsafishe. Ubora wa kamusi haukumfanya awe mtu mwema, na uovu wake haukuyafanya maneno kuwa maovu. Anayeshindwa kuvitenganisha vitu hivi viwili ndiye huyo huyo anayemwambia mtoto asijifunze Kiswahili kwa sababu jambazi alikisema.

KAMUSI NYINGINE

Tulimwomba msomaji akumbuke wenyeji wa nchi ile. Miaka 20 na ushei kabla ya Vaux, ofisa mmoja kijana, William Dawes, mtaalamu wa nyota, alianza kujifunza lugha ya watu wa Sydney. Mwalimu wake mkuu alikuwa msichana mwenyeji aitwaye Patyegarang. Katika madaftari ya Dawes ya mwaka 1790 na 1791 hamna maneno makavu tu. Mna mazungumzo, utani, na vitenzi katika njeo zake. Mna pia jibu la msichana yule alipoulizwa kwa nini watu wake wana hasira na hofu: wana hasira kwa sababu wageni wamekaa katika nchi yao, na wanaogopa kwa sababu ya bunduki. Dawes hakuelewana na gavana, kwa kuwa alijutia kushiriki katika msafara wa kuwaadhibu wenyeji, akaondoka Australia mwisho wa mwaka 1791.

Kamusi ya mwizi ilipata mchapaji baada ya miaka 7. Madaftari ya Dawes yalikaa London bila kujulikana na wengi hadi mwaka 1972, yalipotambuliwa katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, chuo kile kile ambacho wengi wetu twakijua kwa hati zake za kale za tenzi za Kiswahili. Leo wajukuu wa watu wa Sydney wanayatumia madaftari hayo kuifufua lugha ya mababu zao. Lugha ya wezi haikuhitaji kufufuliwa, maana wenye kuisema walikuwa wa taifa lenye bunduki. Lugha ya watu wasiomkosea mtu ilikaribia kufa. Basi tusidanganyike kwamba lugha huishi kwa wema wa wasemaji wake au hufa kwa ubaya wao.

HITIMISHO

Turudi nyumbani. Mtu atakapotuambia tena kwamba Kiswahili ni lugha ya wezi, tusimkatalie kwamba wezi wamepata kukisema. Wamekisema, kama walivyokisema pia wakunga, maimamu, mapadri, mabaharia, wauza samaki na washairi. Tumwambie tu kwamba Kiingereza anachokitukuza kimebeba maneno ya gerezani mpaka katika vitabu vya watoto, nacho hakikuona haya. Lililo muhimu ni kwamba alipatikana mtu wa kuyaandika.

Na hilo ndilo tunalowaachia wasomaji wetu liwe kazi. Waambieni wanafunzi wachukue daftari waende kwenye kituo cha mabasi, sokoni, gereji, uwanja wa mpira, wayaandike maneno wanayoyasikia: nani analisema, kwa nani, na kwa maana gani. Wasiyahukumu maneno kabla ya kuyasikiliza. Wakiuliza ni nani aliyefanya kazi kama hiyo kabla yao, wasimulieni habari za msichana Patyegarang na daftari la Dawes, na pia habari za mwizi wa leso ya peni 11. Wasimulieni yote mawili, wala msifiche mwisho wa lolote.